Mbawakawa Wawili: Chonga wa Minazi na Mfingirisha Mavi

Mazungumzo yetu ya leo yahusu wadudu wawili ambao karibu kila mtu amepata kuwaona, lakini ni wachache waliopata kuwatazama. Wote wawili ni mbawakawa, tena ni wa ukoo mmoja, kama watoto wa ndugu wawili waliohama wakaenda kukaa nchi mbalimbali. Mmoja aishi pwani, juu katika kilele cha mnazi, na chakula chake ni maji ya mti ulio hai. Wa pili aishi chini, malishoni mwa ng'ombe na mbuga za wanyama, na chakula chake ni mavi. Wa kwanza ni adui wa mwenye shamba. Wa pili ni mtumishi wake, asiyedai mshahara wala posho.

Lakini kwa kuwa wote wawili ni weusi, na wote wana mgongo mgumu unaong'aa, watu wengi hawawapambanui. Wako wawauao wote pamoja, na wako wawaachao wote pamoja. Kila mmoja wa watu hao apata hasara. Basi leo tuwaweke wadudu hawa mbele yetu, tuwalinganishe kiungo kwa kiungo, nyumba kwa nyumba na chakula kwa chakula, kisha tuone mwenye shamba apate faida gani kwa kuwajua.

Kwanza tuseme mbawakawa ni mdudu gani. Ana miguu sita kama wadudu wengine, na mbawa nne. Lakini mbawa mbili za mbele si za kurukia. Ni ngumu kama kifuniko cha sanduku, na chini yake zimekunjwa mbawa mbili nyembamba, nazo ndizo zinazomrusha. Maisha yake yana hatua nne. Kwanza ni yai. Katika yai hutoka buu, naye ni mnene, mweupe, mwenye kichwa cha rangi ya hudhurungi, na mwili wake umepindana. Buu hula, hukua, hujivua ngozi, kisha hulala kimya bila kula, na katika usingizi huo umbo lake hubadilika. Mwisho hutoka mdudu kamili mwenye mbawa. Tafadhali zishikeni hatua hizi nne, maana ndizo ufunguo wa habari yetu yote.

Sasa tumtazame chonga. Kwa lugha ya wataalamu jina lake ni Oryctes monoceros, na hilo la pili maana yake ni mwenye pembe moja. Urefu wake ni kama inchi moja na nusu, au huzidi kidogo. Rangi yake ni nyeusi yenye wekundu kwa mbali, naye hung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Juu ya kichwa ana pembe iliyopinda kwa nyuma. Ya dume ni ndefu, ya jike ni fupi. Watu wa pwani, tangu Lamu na Malindi hata Tanga, Unguja, Mafia na Lindi, mumjue vema: ndiye mdudu mkubwa ambaye usiku huvutwa na mwanga, akaja akigonga taa kwa kishindo, kisha akaanguka chali akipapatika.

Mchana chonga hujificha. Giza likiingia, huruka akatafuta mnazi, akatua katika kilele, pale mashina ya makuti yanapokutana. Huingia kati ya makuti, akatoboa kwa meno na kujisukuma kwa miguu yake yenye nguvu, mpaka afike katika moyo wa mnazi, palipo na makuti machanga yasiyofunguka bado. Hapo hutafuna nyama laini akanywa maji yake. Nyuzi asizozila huzisukuma nje, nazo hujaa mdomoni mwa tundu kama unga wa mbao mlangoni mwa seremala. Mgema apandaye juu kugema tembo akiona nyuzi hizo, hana haja ya kuuliza.

Ishara ya pili huonekana hata na mtu aliye chini. Kuti changa, wakati chonga alipolitoboa, lilikuwa bado limekunjwa kama mwamvuli. Tundu moja hupita katika mikunjo mingi. Baadaye kuti likifunguka, huonekana limekatwa kwa pande zote mbili, mkato wa pembe tatu, kana kwamba mtu amelikata kwa mkasi. Ukiona makuti ya namna hiyo, jua kwamba chonga alikwisha fika miezi kadhaa iliyopita.

Je, mnazi hufa? Mnazi mkubwa mara nyingi hupona, ila hudhoofika na mazao yake hupungua. Mnazi mchanga ni habari nyingine. Mnazi una moyo mmoja tu. Mwembe ukikatwa tawi huchipua tawi jingine, lakini mnazi ukiharibiwa moyo wake hauna mwingine. Tena jeraha lile huwa mlango wazi kwa wadudu wengine na kwa kuoza. Fikirini basi: mnazi mrefu wa pwani yetu hukaa miaka 6 au zaidi kabla haujazaa nazi, kisha huzaa kwa miaka mingi sana, hata mtu husema amewapandia wajukuu. Mdudu mmoja, katika siku chache, aweza kuukata urithi huo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Chonga mkubwa hula mnazi ulio hai, lakini buu wake hali mnazi ulio hai hata kidogo. Mama yake hashuki kutaga katika mti mzima. Hutafuta kilichokufa na kuoza: gogo la mnazi lililolala chini, kisiki kilichoachwa, mnazi uliokufa ukiwa umesimama, lundo la takataka, unga wa mbao uliorundikwa, hata lundo la samadi kongwe. Humo hutaga mayai yake, na mabuu hutafuna kuni zilizooza kwa miezi kadhaa, wakinenepa mpaka kuwa kama kidole gumba cha mtu mzima. Kwa hiyo chonga ana nyumba mbili na vyakula viwili. Utotoni aishi chini katika uozo. Ukubwani hupanda juu akala uhai.

Tumwache chonga, twende malishoni.

Mdudu wetu wa pili ana majina mengi, kwa kuwa kila kabila lifugalo ng'ombe lina jina lake. Leo tutamwita mfingirisha mavi, maana jina hilo laeleza kazi yake. Ndugu zake walao mavi ni wengi mno. Wataalamu wamekwisha kuhesabu zaidi ya aina 5,000 duniani, na Afrika ina sehemu kubwa ya hao. Wengine hukaa ndani ya mavi yenyewe. Wengine huchimba shimo chini yake wakayashusha. Na wengine, ambao ndio tutakaowazungumzia zaidi, hukata fungu, wakalifanya donge la mviringo, wakaenda nalo mbali.

Mtazameni kichwa chake. Hana pembe ndefu kama ya chonga. Kichwa chake ni bapa, na ukingo wake una meno kama reki ya mkulima. Kwa kichwa hicho hukata na kuchambua mavi. Miguu yake ya mbele ni mipana yenye meno, nayo huyapigapiga mavi mpaka yashikamane. Miguu ya nyuma ni mirefu iliyopinda kidogo, na kwayo hulishika donge. Kisha huinamisha kichwa chini, huinua miguu ya nyuma juu, akalisukuma donge akienda kinyumenyume, kama mtu asukumaye pipa kwa miguu huku akitembea kwa mikono.

Mtu aweza kucheka, lakini kazi hii ina haraka yake. Penye mavi mabichi hukusanyika wadudu wengi, na kati yao wamo wezi wasiopenda kufanya donge lao wenyewe. Kwa hiyo mfingirisha mavi akisha kulitengeneza donge lake, hutaka kutoka pale upesi, na njia iliyo fupi ni njia iliyonyoka. Ataishikaje njia iliyonyoka na hali kichwa chake ki chini? Kabla ya kuondoka hupanda juu ya donge, akazunguka huko na huko, akiangalia mbingu. Mchana hufuata jua, usiku hufuata mwezi. Mwaka 2013 wataalamu waliochunguza jambo hili huko Afrika Kusini walieleza kwamba aina moja yao, usiku usio na mwezi, hufuata ule utepe mweupe wa nyota ukatao mbingu kutoka upande mmoja hata wa pili. Waliwavika baadhi yao vikofia vidogo vya karatasi ili wasione juu, nao wakapotea njia, wakizungukazunguka. Kisha wakawapeleka Johannesburg, katika jumba lenye mitambo ya kuonyesha nyota darini. Huko walipoonyeshwa ule utepe mweupe peke yake, waliishika njia yao. Mdudu ambaye maisha yake ni katika mavi ndiye aendaye kwa nyota.

Wamisri wa kale walimwona akilisukuma donge lake, wakamfananisha na nguvu isukumayo jua mbinguni, wakachonga sanamu zake kwa mawe na kuzivaa kama hirizi na mihuri. Sisi hatuna haja ya kumwabudu. Yatutosha kumjua na kumwacha afanye kazi.

Na kazi yake ni nini? Akifika penye udongo laini, huchimba akalizika donge. Madonge mengine hula mwenyewe, tena hakuna kutafuna. Kinywa cha mkubwa ni laini, naye hukamua maji ya mavi na vijidudu vidogo vilivyomo. Donge jingine ni la mtoto. Jike hutaga yai moja tu ndani yake, na buu atokaye hujikuta katika nyumba ambayo kuta zake ni chakula. Huila nyumba yake kutoka ndani, hukua, hulala, akatoka mdudu kamili. Basi chonga hutaga mayai mengi akawaacha watoto wajitafutie katika uozo waliokuta. Mfingirisha mavi huzaa wachache, lakini kila mmoja amewekewa akiba yake.

Faida yetu sisi ni hii. Mavi yakizikwa, udongo hupata mbolea mpaka chini kwenye mizizi. Mashimo ya wadudu hawa huiingiza hewa na maji ya mvua. Nzi watagao katika mavi hukosa mahali, na mayai ya minyoo ya ng'ombe hupungua juu ya majani. Malisho hubaki safi. Mwaka 1974 iliandikwa habari ya lundo moja la mavi ya ndovu huko Tsavo, Kenya, lenye uzito wa kilo 1.5 tu: walihesabiwa mbawakawa 16,000, na kwa muda wa saa 2 lundo lote lilikuwa limekwisha.

Mtu akitaka kujua thamani ya mtumishi, na atazame nyumba isiyo na mtumishi. Australia haikuwa na ng'ombe mpaka Waingereza walipowapeleka mwaka 1788. Mbawakawa wa nchi ile walizoea mavi makavu ya kangaruu, nayo ni madogo. Mavi mengi ya majimaji ya ng'ombe hawakuyaweza. Yalikauka juu ya ardhi yakakaa muda mrefu, majani chini yake yakafa, na nzi wakazaana kwa wingi wa kutisha. Kuanzia mwaka 1968 wataalamu wa serikali ya nchi ile, wakiongozwa na George Bornemissza, walianza kuwaachia huru mbawakawa walao mavi kutoka ng'ambo, na wengi wao asili yao ni Afrika. Zilipelekwa aina zaidi ya 40, na aina 23 zilishika nchi. Nchi tajiri ililazimika kuvuka bahari kutafuta mdudu ambaye sisi twamkanyaga njiani.

Sasa huenda mmoja wenu akauliza: je, nikichimba samadi nikakuta mabuu makubwa meupe, nitajuaje ni watoto wa nani? Swali hili ni jema, maana hapo ndipo ndugu hawa wawili wanapokaribiana. Jibu limo katika chakula na nyumba. Mtoto wa mfingirisha mavi hukaa peke yake, amefungiwa ndani ya donge lake, chini ya ardhi. Hakuti mwenzake. Bali ukifukua lundo la samadi kongwe au takataka zilizooza karibu na minazi, ukakuta mabuu manene yametapakaa huru humo, mengi pamoja, shuku kwamba ni ya chonga au ya ndugu zake wa karibu. Hayo yakusanye uwape kuku, nao watakushukuru.

Tena huko Pasifiki tumepewa somo kubwa. Mwaka 1909 chonga wa Asia, ndugu wa huyu wetu, aliingia visiwa vya Samoa pamoja na miche ya mpira iliyotoka Ceylon, akaharibu minazi ambayo ndiyo riziki ya watu wale. Hatimaye mtaalamu Alois Huger aligundua katika nchi ya Malaya maradhi yanayoua mbawakawa hao, na mwaka 1967 maradhi hayo yakapelekwa Samoa kwa makusudi. Idadi ya wadudu ikashuka sana, na watu wakafurahi. Lakini mwaka 2007 chonga wa namna hiyo alionekana katika kisiwa cha Guam, na hao maradhi yale hayakuwafaa kitu. Kisha mwaka 2015 kimbunga kilipiga kisiwa kile, kikaacha miti iliyokufa na takataka nyingi zikioza, na chonga wakazaana kupita kiasi. Dawa yaweza kushindwa. Gogo lililooza halikosi kazi.

Wazee wetu walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu husimama chini ya mnazi wake uliokatwakatwa, akatazama mbinguni, akauliza wadudu hawa wametoka wapi. Nao wametoka katika gogo analolikalia kila jioni akipunga upepo. Ndiyo maana nilisema hatua nne za maisha ni ufunguo. Chonga mkubwa yuko juu, usiku, ndani ya tundu, na kumpata ni shida. Buu wake yuko chini, mchana, mahali pamoja, hakimbii wala haruki, naye hukaa hapo kwa miezi. Ni afadhali kupigana na adui akiwa bado kitandani.

Basi mwenye shamba la minazi afanye haya. Mnazi uliokufa usiachwe umesimama wala kulala. Ukateni, mpasue, mfaao kwa mbao na ufanywe mbao, ufaao kwa kuni na uwe kuni, na kilichooza kichomwe moto kwa uangalifu. Kisiki king'olewe au kichomwe. Lundo la samadi lisikae miaka. Ligeuzwe mara kwa mara, mabuu yaokotwe, na samadi itiwe shambani. Katika minazi michanga, kaguweni vilele, na mkiona tundu lenye nyuzi mpya, chonga aweza kuvutwa nje kwa waya wenye ncha iliyopindwa kama ndoana; lakini mkono uwe mwepesi, msije mkautoboa moyo wa mnazi ninyi wenyewe. Na majirani wafanye kazi hii pamoja, kwa kuwa chonga ana mbawa, wala hajui mpaka wa shamba. Mmoja akisafisha na watatu wakaacha, wote wanne watakosa nazi.

Naye mwenye ng'ombe afanye haya. Asimwue mfingirisha mavi. Na awakataze watoto kumchezea kwa kumwibia donge lake, au walau wamrudishie wakisha kutazama. Tena awe na hadhari na dawa za minyoo. Ziko dawa, kama ile iitwayo ivamektini, ambazo hutoka mwilini mwa ng'ombe pamoja na mavi, na mavi hayo huwadhuru mabuu wa mbawakawa kwa siku nyingi. Sisemi mnyama mgonjwa asitibiwe. Nasema mwulizeni bwana mifugo, mkawape dawa wale waihitajio kwa wakati uipasao, wala msiwape kundi zima kwa mazoea tu.

Nanyi wanafunzi, nina kazi kwenu. Tafuteni mavi mabichi ya ng'ombe asubuhi, mkae kando yake kwa saa moja, mhesabu ni mbawakawa wangapi waliokuja, ni wa namna ngapi, na kila namna ilifanya nini. Kisha pasueni kipande cha gogo la mnazi lililooza, mtazame aliyemo. Andikeni katika daftari mliyoyaona, mkamwonyeshe mwalimu. Mtu ajuaye mdudu anakula nini na analala wapi, amekwisha kujua nusu ya dawa yake, wala hatamwua rafiki kwa kosa la adui.

Kwa leo yatosha. Kwaherini, na Mungu awabariki mashamba yenu.